Payangko Niliyemwacha Mlimani

Mdogo wangu Obet,

Hapa misagu, mitende yetu ya unga, imepona mafuriko, na mbwa wako kazaa tena chini ya kitanda cha Mama. Mama tulimzika Jumanne.

Najua bado umenuna. Kwenye msiba wa mwanangu mchanga ulisema nimemuua kwa uzembe wangu, wazee wakatuhukumu kama kawaida yetu: wewe ulete samaki nduwaro kutoka baharini, mimi nilete payangko, yule mnyama wa miiba, kutoka mlimani, tuwale sahani moja ndipo tupatane. Ulimpata nduwaro wako mapema, ukamkausha kwa moshi, ukaningoja. Miaka mitatu nilishuka mikono mitupu.

"Dada, hutaki tu!" ulinifokea gatini. "Mlima mzima ukose payangko mmoja?" Ukapanda meli ya kwenda mjini Sorong.

Obet, nilimpata mwezi ule wa kwanza. Nilifuata vitundu alivyotoboa kwa mdomo wake mrefu akitafuta minyoo, nikamkuta shimoni kajikunja, miiba nje. Nilipomtoa na kumgeuza, kwenye mfuko wa tumbo lake kulikuwa na kitoto kisicho na miiba, kinalamba maziwa yanayomtoka mamake kwenye ngozi kama jasho, maana hana chuchu. Na mimi maziwa yangu yalikuwa hayajakauka. Nikamrudisha shimoni.

Nilikusamehe palepale kwenye matope. Lakini niliona haya kusema, nikakuacha uamini nimekataa.

Mpaka siku ya mwisho Mama alikuwa akiniuliza, "Mmeshakula pamoja, wewe na Obet?"

Nilimwambia tumeshakula.

Dada yako,
Yosina