Baba Aliyebaki na Neno Moja

Kwako Baba, mwalimu wangu wa kwanza,

Sisi huku hatujambo. Voi ni joto lile lile ulilokuwa ukilitazama kwa jicho baya. Mjukuu wako Chao ameingia kidato cha pili na mdomo wake sasa haushikiki, na ukiniuliza amerithi wapi, wewe jipapase kwanza. Nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Kaloleni, nguo za watu zimenijazia kikapu, lakini leo sishoni. Leo nina maneno na wewe.

Nakukumbuka pale mferejini kwetu, juu Wundanyi. Wewe ndiye uliyetufundisha hesabu, na jamani, hakuna balaa kama kufundishwa na baba yako mzazi. Siku hiyo nilikuwa nimegawanya upande mmoja wa mlinganyo, upande wa pili nikauacha kama ulivyo. Darasa zima likangoja unicharaze. Hukunicharaza. Jioni ukanichukua mpaka pale mfereji unapogawanyika, maji haya yaje shambani kwetu na yale yaende kwa jirani yetu, Mama Mghoi.

"Wakesho, sogeza hilo jiwe."

Nikalisogeza. Maji yakaja kwetu mbio, kwa jirani yakabaki ya kulamba. Punde tukasikia sauti kutoka kwenye migomba ya chini: "Nani huyo ananiibia maji? Ni zamu yetu sote leo! Nitamwambia Mwalimu!"

Ulicheka mpaka ukashika magoti, maana Mwalimu mwenyewe si ndiwe uliyesimama pale. Kisha ukanirudishia jiwe mkononi. "Umemsikia? Mlinganyo nao hulalamika vivyo hivyo. Ni vile wewe bado hujaijua lugha yake."

Lugha. Hivyo ndivyo ulivyoiita hesabu maisha yako yote, na watu wakakuona una vituko. Hakuna mtoto aliyeshika penseli mbele yako kabla hajalisoma swali kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Kidawida chetu, kama anayesimulia habari za kwao. Ulituambia x ni mgeni aliyebisha hodi, tusimkimbie, tumuulize anatoka wapi. Ile alama ya ndogo kuliko ukasema ni mdomo, na mdomo wazi hauelekei penye makombo. Wengine walipita mtihani kwa kukariri. Mimi nilipita kwa kupiga soga.

Na ule mchezo wetu, unaukumbuka? Ukuta wa jikoni, kipande cha mkaa. Ulikuwa ukiandika nusu ya sentensi halafu unajiendea zako shambani: *Chai + ndizi ya kuchoma =*. Nikikuuliza jibu, unasema, "Upande wa pili ni wako." Nami naandika, *Baba anacheka*. Mama alikuwa akilalamika kwamba ukuta wake umekuwa ubao wa shule, lakini hakuufuta hata siku moja. Ile siku uliponigombeza bure kwa ajili ya chungu kilichovunjwa na mbuzi, hukuniomba msamaha kwa mdomo. Nilikuta umeandika *Wakesho − kosa =*, nikaelewa, nikajaza *Wakesho*.

Halafu kiharusi kikaja, Baba. Kilikukuta chini ya mparachichi wako ukiwa mzima wa afya, kikauchukua mkono wa kulia, na maneno yako yote kikayabeba. Likabaki moja tu.

"Haya."

Ukisalimiwa, haya. Ukiumwa, haya. Mchungaji akikuombea, haya. Kaka Mwakio alikuja kutoka Mombasa, akakaa kando ya kitanda chako, akakushika mkono. "Baba, si heri uhamie Voi kwa Wakesho? Hospitali iko karibu, na hakuna mlima wa kupanda."

"Haya," ukasema.

Mwakio akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikafurahi kumpita, nikaenda kukununulia godoro jipya. Hakuna kati yetu aliyefikiria kukuuliza, "Au ubaki hapa hapa?" Maana hata hilo ungelijibu haya.

Basi ukaja. Nilikuwekea kiti barazani, lakini ulikigeuza kwa mguu mzima mpaka kikaelekea milimani. Treni ikipita vikombe vinatetemeka, wewe hutikisiki. Chakula ukaanza kukiacha. Nilikupondea kimanga kwa mikono yangu, ndizi na maharagwe, kama alivyokuwa akikipika Mama, na hicho nacho ukakisukuma kando. Wageni wakaanza kuongea juu ya kichwa chako, "Mzee anaelewa kweli?" nami nikawa nawajibu kwa sauti ya chini kama wao. Niliogopa, Baba. Nilikuona unaniponyoka na sikujua nikushike wapi.

Aliyekushika ni Chao. Alikuwa mezani akisonya juu ya kazi ya shule, na wewe ukiwa kando yake kwenye kiti. Mara nikasikia yowe, nikatoka jikoni na mwiko mkononi nikijua umeanguka.

"Mum! Babu anajua hii kitu!"

Ulikuwa umemnyang'anya kalamu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amegawanya upande mmoja tu, kama mimi nilivyofanya. Ukaukata mstari wake, ukaandika wa kwako chini yake, herufi zimepinda zote, lakini pande mbili zimegawanywa sawasawa. Kisha ukaninyooshea kidole mimi na kutikisa mabega. Ulikuwa unacheka. Ulikuwa umeukumbuka mfereji.

Mwiko uliniponyoka. Kumbe yule mwizi kiharusi alichukua lugha zote akaisahau moja!

Nikaketi. Nikachukua karatasi ya Chao. Nikaandika: *Tuchukulie V ni Voi. Tuchukulie N ni nyumbani.* Nikakuwekea V huku, N kule, katikati nikaacha nafasi. Nikakupa kalamu.

Moyoni nilijua ninachokitaka. Nilitaka mdomo wazi uelekee kwangu. Nilikuwa na godoro, nilikuwa na hospitali, nilikuwa na mapenzi, nikakosa nini tena?

Ukaandika polepole sana, mdomo wazi ukauelekeza nyumbani. *V < N*.

Swali likanitoka kama la mtoto: "Na mimi je, Baba? Mimi niko Voi."

Ukanitazama, midomo ikahangaika. "Haya," ukasema. "Haya, haya." Machozi yakakutoka, nami nikalia pamoja nawe, na Chao maskini hakujua amfute nani.

Mwakio nilipompigia simu alikuja juu. "Ati umrudishe mlimani? Akizidiwa je? Na mwenyewe alikubali!"

"Hakukubali. Leo ndiyo amesema."

"Wakesho, Baba hawezi kusema."

"Anasema. Ni wewe uliyefeli hesabu."

Akacheka, halafu nikamsikia akipenga kamasi. Akasema atatuma gari.

Nakumbuka kona za kupanda Wundanyi siku ile, dirisha liko wazi, wewe umetoa uso nje kwenye ukungu kama kijana. Mama Mghoi alikuwa amekwisha kuwasha moto jikoni kwako. Sahani ya kimanga uliimaliza, ukalamba na kijiko. Yule jirani mwema akajitolea kukaa nawe siku za wiki, na Jumamosi nikawa napanda mimi, nikiwa nimechoka na nyuzi bado zimenata kwenye nguo. Sitakuficha, kila nikipanda kile kidonda cha V na N kilikuwa kinaniwasha kidogo. Nilikuwa nimeshindwa na nyumba ya mabati.

Jumamosi ile ya mwisho ulinishika mkono ukaniongoza jikoni. Ukaegemea ukuta wa Mama. Kwa mkono wa kushoto, kwa mkaa, ulikuwa umeandika: *N + W =*

Ukanipa mkaa.

Nilisimama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Niliona W yangu pale, ndani ya sentensi, imeshikana na nyumbani. Lakini jibu halikuja. Nilitaka liwe zuri mno. Nikakwambia, "Niachie nifikirie, Baba. Nitajaza Jumamosi ijayo."

"Haya," ukasema, na mara hii ilikuwa haya ya kweli.

Hukuingoja hiyo Jumamosi. Nilipanda mapema, kukuzika. Watu walijaa jikoni wakipika, moshi, sufuria kila mahali, nami nikasimama nimeuegemea ukuta ili mtu asije akafuta kwa bega.

Baba, tangu uende nimeikwepa ile jikoni. Nimekuwa nikifika uani, nafagia kaburi lako, nateremka. Lakini Mwakio anataka kupiga plasta upya kabla mvua haijanyesha, na ana haki, ukuta unabomoka. Basi jana nilipanda na Chao. Herufi zako zimefifia lakini zinasomeka. Ilikuwa kama umeninyooshea mkaa miezi hiyo yote na upande wangu ulikuwa bado mtupu.

Sikutafuta jibu zuri tena. Nikaandika lile lililokuwepo.

"Soma," nikamwambia Chao. "Kwa sauti, kama Babu alivyotaka."

Akasogea karibu, akaweka kidole ukutani. "Nyumbani, kuongeza Wakesho," akasoma, "ni sawa na Baba."

Nikamwambia asome tena. Akasoma, safari hii polepole. Nje nilisikia maji ya mfereji yakipita kwenda kwa Mama Mghoi.

"Haya," nikasema.

Pumzika, Mwalimu. Fundi wa plasta anakuja kesho, nami nimekwisha kukujibu.

Binti yako,
Wakesho