Fomu ya Kuhama Nimeichana

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, na viatu ulivyonitumia vimenikaa vizuri.

Ile fomu ya kunihamishia uhandisi wa ujenzi nimeichana. Unasema uhandisi mseto, huu wa umeme na mitambo pamoja, ni kudonoadonoa, kazi sitapata. Basi sikiliza. Hospitalini ninakofanya mafunzo, mashine ya joto ya watoto njiti ilikuwa ikijizima. Fundi umeme akasema, "Kwangu hakuna hitilafu." Fundi mitambo naye, "Feni haina tatizo." Nikakaa nayo siku nzima, nikaona feni inapuliza mvuke kwenye kipimajoto, nacho kinadanganyika kuwa joto limezidi. Nikakihamisha, ikatulia. Mkuu wa karakana ameniomba nirudi nikihitimu, nami nimekubali.

Mama amenisihi nikufiche. Nimekataa. Ukininunia, nitavumilia, lakini sihami.

Ni mimi mpwa wako, mbishi kama wewe.