Nilitaka Mashine Inyamaze

Jumanne. Upepo tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi.

Kompyuta ya dukani imekufa. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi kwa nguvu, diski ikalia tak, tak, ikanyamaza. Fundi wa hapa Chang'ombe kaigusa mara moja tu: "Bibi, hii ni ya kuzika."

Ndani yake ilikuwa sauti ya dada yangu Hadija. Alikuja kutoka Bahi akakaa siku tatu, akasimulia ukoo wetu wote, nani kamzaa nani, nani kazikwa wapi. Mjukuu wangu Rukia akamrekodi kwa kaseti, akaiingiza kwenye kompyuta. Kaseti nikairekodia kaswida juu yake, si sauti iko salama? Wiki mbili baadaye Hadija akafariki.

Sikuwahi kuisikiliza. Kila siku nilisema kesho.

Rukia, aliyesomea mambo haya, alikuwa ameiandikia mashine maagizo: kila jioni tukifunga duka, inakili kazi zote kwenye diski ya pili. Ikifanya hivyo inajaza maneno kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Mimi darasa la nne niliishia, yale maneno yalinichefua. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, hii mashine yako inapayuka kama mlevi. Inyamazishe."

Akanieleza kwa adabu. "Bibi, tuiwekee sharti. Mambo yakiwa sawa inyamaze, ikikosea iseme."

"Nimesema inyamaze. Au na wewe umeanza kunifundisha?"

"Haya, Bibi."

Akayaziba maneno yote ya mashine, hata ya makosa. Mtoto niliyemlea mwenyewe hawezi kunijibu mara mbili. Ndivyo nilivyomfunza, na nilikuwa najisifu.

Leo Rukia kaifunga diski ya pili kwenye kompyuta ya jirani, akaendesha maagizo yale bila kuyaziba mdomo. Mstari wa kwanza tu: nafasi imekwisha. Diski ilijaa kabla Hadija hajafika. Kila jioni mashine ilikuwa inasema haina pa kuweka, na kila jioni maneno yake yalitupwa, kwa amri yangu.

Hadija hayumo.

Rukia kayaandika maagizo upya. Sasa mashine inayaweka maneno yake pembeni hadi imalize. Kazi ikienda salama, inayatupa. Ikikwama, inayatoa yote. Mistari sita tu kaongeza. Sita! Ningemwachia siku ile, angemaliza kabla chai haijapoa.

Ijumaa watoto wa Hadija wanakuja kwa ajili ya arobaini, wanataka kumsikia mama yao. Rukia kaniambia, macho chini, "Nitawaambia nilikosea mimi, Bibi."

Nami nikanyamaza. Nikajifanya nafuta vumbi kwenye kaunta, mtoto akaondoka na kosa langu.

Ni aibu kuliandika hili. Rukia ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni, atalisoma. Alisome.

Ijumaa nitamtuma jikoni akapike chai, nibaki na wanangu wa Bahi. Kabla hajarudi na vikombe, nitakuwa nimeshawaambia ni nani aliyempoteza mama yao mara ya pili.