Ayatul Kursiy kabla ya kulala

Mama Hadija, salamu za Kilibula, zina harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Mkwe wetu angali Bukavu, basi Hadija amenikabidhi niwalaze wajukuu. Jana tulitawadha, nikakung'uta kitanda mara tatu, nikakirudia tena, nikiomba usingizi uwachukue kabla ya Ayatul Kursiy.

Mwajuma akasema, "Babu, vumbi ilishaisha. Soma."

Nikasoma Alhamdu, polepole.

"Hiyo iko ya kusalia. Kesho usome yenyewe."

Mke wangu, miaka yote weye ulisoma, minye nikaitikia amina na kukoroma. Sasa natetemeka kuliko siku ya posa. Usinipigie simu, huyu mtoto anasikia kila kitu. Mpe dereva aliyeleta kadi hii aya nzima, kwa herufi za shule, si za Kiarabu, ifike kabla ya magharibi.

Mungu akulinde huko Luberizi. Bila sauti yako sijalala.