Betri za Shija Zimepimwa, Baba

Baba yangu,

Sikuulizi hali, wala sitakuandikia kwamba sisi huku ni wazima wa afya. Wewe hukupenda uongo, na mimi si mzima. Nina hasira. Nimekaa nayo tangu siku tuliyokuzika, nimelala nayo, nimekwenda nayo kazini Mwanza na kurudi nayo, na leo ndiyo mara ya kwanza nina habari ya kukuandikia.

Nianze na za nyumbani. Mama anakula, ila anakula amesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa. Daraja limefunguliwa. Magari yanapita juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi, na wale wauza samaki wa kukaanga uliopenda kubishana nao wakati wa kusubiri pantoni wametawanyika, kila mmoja na njia yake. Viazi vyako vya ufukweni tulivuna vilivyobaki. Na kiboko bado yupo. Anatoka palepale penye matete, anakula, anarudi majini. Yeye sina ugomvi naye, ni mnyama na alifuata viazi. Ugomvi wangu ni na Shija.

Unamjua Shija kuliko mimi. Ni rika la baba mdogo Lubango, mvi zimemjaa, ana wajukuu, na alikuwa akikuita kaka kila ulipopita mbele ya duka lake la vifaa vya umeme pale senta. Ulipomwambia betri za tochi yako kubwa zimechoka, alikutolea nne kwenye boksi jekundu, akakuapia kwamba ni mpya, na kwamba hata wazungu wanatumia hizo hizo. Ulinipigia simu jioni ile ukiwa na furaha. Ulisema, "Mwanangu, sasa nitamulika mpaka Ukerewe." Nilicheka. Sikujua kwamba sitakusikia tena ukinichekesha.

Jirani yetu Bulugu ndiye aliyeona. Alikuwa shambani kwake, giza limeanza kuingia, akaona mwanga wako umemshika kiboko machoni na kiboko amesimama, anasita, anageuza kichwa kurudi ziwani kama wanavyofanya siku zote. Mwanga ulikuwa mweupe kabisa, anasema, halafu ukakatika. Haukufifia kwanza. Alipiga mwano, ule ukelele wa hatari, watu wakatoka mbio na mikuki na mapanga, lakini Baba, ulikuwa umeshaondoka.

Naomba uniache nipumue kidogo.

Tochi zako za zamani, zile za betri nene za redio, zilikuwa na adabu. Zikikaribia kuisha, mwanga ulikuwa mwekundu, nawe ulijua, ukarudi nyumbani. Asubuhi uliziweka betri juu ya bati zipate jua, ukaziuma kidogo kwa meno, zikakusogeza siku nyingine. Kila nyumba ufukweni inafanya hivyo. Mama alikutania kwamba unaanika betri kuliko dagaa. Hizi za kuchaji hazina adabu hiyo. Tochi inawaka nyeupe mpaka dakika ya mwisho, ikiona betri moja imelegea inazima, na hakuna anayekuaga.

Sasa sikiliza alichofanya Shija. Msibani alikuja wa kwanza. Alibeba jeneza, mbele kabisa, upande wa kulia. Alikula ugali wetu akaomba kuongezewa mchuzi. Halafu akakaa na wanaume chini ya turubai akaanza kusema, kwa upole, kwa masikitiko, na sauti yake ikanifikia nilipokuwa natenga vyombo: "Kaka yetu alikuwa mtu wa zamani. Betri za kisasa kaziweka juani kama za redio. Mimi nilimwonya." Wakatikisa vichwa. Mmoja akaguna. Ndani ya siku chache kijiji kizima kilikuwa na maneno hayo, na hata watoto kisimani walisimulia kwamba Mzee Masanja alijiua kwa kuanika betri. Alikuuzia kifo, Baba, halafu akakuvika ujinga ulale nao kaburini. La kwanza huenda ningeliacha kwa Mungu. Hilo la pili sikuliacha.

Siku ya kugawa vitu vyako, baba mdogo alichukua koti, kaka akachukua baiskeli, mkuki ukabaki ukoo. Tochi hakuna aliyeigusa. Walisema ina mkosi, itupwe ziwani. Nikasema naitaka mimi. Shangazi akaninong'oneza kwamba mwanamke harithi kitu kilichoshikwa na marehemu siku ya kufa. Nikamjibu kwamba sirithi, naazima, nina kazi nayo. Nikaifunga kwenye khanga na betri zake zikiwa bado ndani.

Unajua kazi yangu. Nakaa nyuma ya kioo kwa mnunuzi wa dhahabu, mchana kutwa watu wananiletea vijiwe vya machimboni na mimi naweka kwenye mzani. Nimeletewa shaba iliyopakwa, nimeletewa risasi imefunikwa dhahabu kama sambusa. Mtu anaweza kuapa kwa mama yake mzazi, mzani hausikii. Nilipozitoa zile betri na kuzishika kiganjani, mkono wangu ulijua kabla ya kichwa. Zilikuwa nyepesi. Nikazipeleka kwenye mzani wa dhahabu, moja moja, milango imefungwa, bosi ameenda kula. Hakuna iliyolingana na mwenzake.

Nikamtafuta fundi Zuberi, yule wa Butimba anayefufua betri za kompyuta. Ni mtu wa maneno mengi na chai nyingi, lakini alinifundisha, na nakwambia wewe kwa sababu ungependa kujua. Betri ya namna hii ikiwa ya kweli ina uzito wa gramu arobaini na tano hivi, inapungua au inazidi kidogo, haiwezi kuwa nusu yake. Namba kubwa ya ujazo wa umeme iliyoandikwa kwenye ganda ni ya kumvuta mjinga. Zako ziliandikwa elfu tisa na mia tisa, na ya kweli ya ukubwa ule haifiki hata nusu ya hapo. Tochi inayokula nne kwa mstari inataka nne zilizotengenezwa mahali pamoja, zikanunuliwa siku moja, zikachajiwa pamoja, zikazeeka pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu. Kabla ya kuziingiza, pima kila moja kwa mita ya umeme, na ikitofautiana na wenzake iweke pembeni. Ni kama ng'ombe wako wa plau, mmoja akilala jembe limesimama, hata kama wengine wana nguvu ya kulima mpaka Magu.

Nilimuuliza kuhusu jua. Alisema ukweli, na mimi sikufichi: jua linaziharibu betri hizi, hazianikwi. Basi moyo ukanishuka, Baba. Nikafikiri, labda Shija anasema kweli. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mama. Mama akasema hukuwahi kuzianika hizo, ulizipeleka kuchaji kwa sola ya Bulugu. Lakini nani angemwamini mjane wako? Ndipo nikajua ninachotakiwa kuonyesha. Nilitaka betri za Shija ambazo hazijawahi kuliona jua lolote, zilizo bado dukani kwake, ndani ya boksi lake.

Nikaomba mkutano wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Mtemi wao alikuheshimu, akakubali. Asubuhi ya mkutano Bulugu aliingia dukani kwa Shija mbele ya watu, akanunua boksi jekundu lililofungwa, akalibeba ameliinua juu mpaka uwanjani bila kulifungua. Mimi nikaweka meza, nikaweka mzani wangu, fundi Zuberi akakaa kando na msumeno wake mdogo. Shija alikuja akitabasamu. Alidhani ameitwa kutoa ushahidi juu ya ujinga wako.

Nikapima kwanza betri moja nzuri niliyoileta kutoka mjini, kila mtu akasoma namba. Halafu Bulugu akafungua boksi. Nikaweka ya Shija. Baba, niliwasikia watu wakivuta pumzi. Nikamwambia mtemi aje asome mwenyewe, akasoma kwa sauti: haikufika hata nusu ya ile nzuri. Shija akasema ni teknolojia mpya, siku hizi vitu vinatengenezwa vyepesi. Watu wengine walikuwa tayari kuamini, kwa sababu ana ulimi mtamu. Fundi Zuberi akaniangalia. Alikuwa amenionya kwamba betri ya kweli haikatwi, inalipuka, ila hii alishaijua kwa uzito. Akawasogeza watu nyuma, akaikata taratibu kule juu, akaigeuza juu ya sahani nyeupe ya Mama.

Ukamwagika unga.

Unga, Baba. Mweupe, mkavu, kama wa uji wa mtoto. Katikati yake kibetri kidogo cha ukubwa wa kidole cha mwisho, kimepigwa gundi kisitikisike. Hicho ndicho ulichokwenda nacho kumkabili kiboko. Mama aliinuka, akauchukua unga kwa ncha ya kidole, akauangalia, akakaa. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira tupu.

Shija alianza kujitetea kwamba hata yeye ameuziwa, kwamba hakujua. Baba mdogo akaanza kulainika, unamjua, na Shija alipotaja ng'ombe wa kufuta machozi, baadhi ya wazee wakaanza kuitikia. Nikasimama. Nikasema hatutaki ng'ombe. Kama hakujua, basi anaziamini betri zake. Achukue tochi ya marehemu, atie nne nyingine kutoka boksi jipya la dukani kwake, jioni hii akalinde shamba la marehemu pale penye matete. Akirudi salama nitamwomba radhi mbele ya kijiji kizima.

Nilimnyooshea tochi. Hakuipokea. Aliangalia ziwa, akaangalia viatu vyake, akasema mgongo unamsumbua. Mtemi akamwambia wapo vijana watakaokaa naye, yeye amulike tu. Hapo ndipo mdomo wake ulipomponza. Alisema, "Sawa, ila nipeni muda kwanza nikanunue betri nyingine mjini."

Bibi Ngollo ndiye aliyeanza kucheka, na meno yake mawili. Halafu wakacheka wote, kicheko kibaya, kile cha watu waliodanganywa mwaka mzima. Shija alisimama katikati yake kama mtu aliyevuliwa nguo. Sitakudanganya, nilifurahi.

Wakamtenga. Desturi unaijua, ulishakaa kwenye mabaraza hayo. Hakuna anayenunua kwake hata kiberiti, hakuna anayempa moto wala kumwazima jembe, hakuna anayekwenda msibani kwake. Maboksi mekundu aliyazika yeye mwenyewe nyuma ya choo, sungusungu wakimsimamia. Na jina lako limesafishwa. Siku hizi wakikutaja wanasema Mzee Masanja aliyeuziwa unga.

Tochi nimeirudisha shambani. Nimeitilia betri nne za kweli, zilizotengenezwa mahali pamoja, nimezipima mwenyewe, na Bulugu ndiye anayeishika. Jana kiboko alitoka, akamulikwa, akarudi majini.

Lakini kuna jambo moja limebaki, nalo ni la kati yangu na wewe. Kutengwa kunaondolewa na aliyekosewa, na Mama amesema hilo ameniachia mimi. Baba mdogo amekuja kunibembeleza. Mke wa Shija amekuja, amepiga magoti, nikamwinua, nikampa chai, sikumpa neno. Watu wameanza kusema moyo wangu ni mgumu, kwamba ungekuwa hai ungeshamsamehe. Labda. Ungekuwa hai kusingekuwa na la kusamehe.

Sasa kila nikirudi kutoka mjini namkuta Shija amesimama kando ya njia inayoingia kwetu. Mtu wa rika la baba mdogo, mwenye mvi na wajukuu. Anavua kofia. Anainamisha kichwa mbele yangu mimi niliyezaliwa yeye akiwa na ndevu, na anasema, "Shikamoo."

Anajua kwamba nikiitikia tu, basi yamekwisha.

Pumzika, Baba yangu. Nitapalilia kaburi lako mvua zikianza, nitamtazama Mama, nitapima kila betri inayoingia katika nyumba ile. Na ninakuahidi hili, nikiwa na akili zangu timamu: kesho atakuwa amesimama pale, na mimi nitapita.

Mwanao,
Kabula