Mkwe Aliyetaka Kuita Bili kwa Kikantoni

Liwan, Guangzhou.
11 Novemba 2018

Mpendwa Shangazi Yuk-Lin,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Vancouver? Sisi tu wazima, nami nina furaha nisiyojua niiweke wapi. Mume wangu Zhiyuan huamka kabla yangu akanipikia uji, kisha hukaa akinitazama nikiunywa.

Asante kwa bangili. Niliivaa harusini, na tena siku ya tatu tulipokwenda kumwona Baba, kama ilivyo desturi.

Siku hiyo ndiyo iliyoniumiza. Unakumbuka Baba aliapa kuwa hataniozesha kwa mtu wa Hunan asiyejua Kikantoni. Nyumba yake haitaongea Kimandarini. Nawe ukaniandikia nisubiri, kwa kuwa Baba anailinda lugha ya Bibi. Tukasubiri miaka miwili. Mpenzi wangu alijifunzia Kikantoni sokoni, wauza samaki wakimcheka, naye akirudi kesho yake.

Basi tulikula mkahawani anakokunywa chai Baba kila asubuhi. Zhiyuan alitaka kulipa yeye. Alikuwa amejizoeza njia nzima kusema "maaidan", kama tunavyoita bili sisi. Kabla hajafungua mdomo, Baba akamwahi, akamwita mhudumu: "Jiezhang, binti. Leta kwangu." Ndiyo bili hiyo, kwa Kimandarini kitupu. Mhudumu akamtania Kimandarini kwamba leo mzee ana wageni, naye akamjibu vivyo hivyo, wakacheka kama watu waliozoeana.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema wahudumu wote siku hizi wametoka mbali, mdomo umezoea.

"Sasa mume wangu ulimtesea nini?"

Akatazama kikombe. "Nilidhani atashindwa, mwanangu. Nilidhani atachoka, aende zake."

Zhiyuan akammiminia chai. Baba akagonga meza kwa vidole kumshukuru, macho chini.

Shangazi, miaka ile ningekuwa na Zhiyuan. Nililia peke yangu nikijiambia ni kwa ajili ya Bibi. Wewe ndiye uliyenibembeleza, kwa hiyo nakuuliza wewe: ulijua? Kama hukujua, mkaripie kaka yako. Kama ulijua, usinitumie zawadi nyingine. Niandikie ukweli tu.

Msalimie Mjomba Kwok-Hung na binamu yangu Pui-Shan. Zhiyuan anakuamkia, kwa Kikantoni. Nakuombea goti jepesi na miaka mingi.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye hata leo,
Hiu-Tung