Mizunguko Kumi na Tisa ya Bab el-Khalq

Kairo, Ijumaa

Mwanangu Hanadi,

Anayekuandikia ni mjomba wako Metwalli, mtu ambaye wiki hii asingeamka mapema, nusu ya Kairo ingekunywa chai kavu, na nusu nyingine ingekwenda kuomba mkate kwa jirani. Nakusalimu salamu za kujaza treni nzima. U mzima? Unakula vizuri huko Asyut? Magoti ya mama yako yanasemaje na baridi hii? Mwambie kaka yake yuko imara kama chuma cha reli, asisikilize maneno ya simuni.

Karatasi yako ya ushauri ilifika. Uliandika kwamba mtu aliyekaa miaka minne bila baiskeli aanze na nusu saa, leo apande kesho apumzike, na asibebe kitu mpaka wiki ya tatu. Mwanangu, najua unasomea misuli ya watu. Lakini mimi nimebeba mikate kichwani tangu mama yako hajajua kama atakuzaa. Miaka minne kwenye kiti cha bawabu haifuti miaka ishirini na sita barabarani. Niliisoma karatasi yako pale kwenye tanuri, kwa sauti, wachomaji wakacheka hadi unga ukawapalia. Mmoja wao, Gharibu, akasema, "Mwambie huyo daktari aje abebe yeye, sisi tumwandikie karatasi."

Kilichonirudisha kazini ni mabomba. Mtaa umechimbwa, bajaji ya mikate haipiti. Haji Bayumi, mwenye tanuri, akaniita mbele ya watu akaniambia nipande baiskeli na mikate kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi. Usipoanguka mkate hata mmoja, njia ni yangu, na kile kiti cha bawabu nikakipasue kuni. Ukianguka mmoja tu, nirudi nikakikalie mpaka nife.

Jumamosi niliruka. Chanja ya fito za mtende kichwani, mikate mia mbili juu yake, mkono mmoja umeishika, mwingine kwenye usukani, napiga mluzi magari yanipishe. Dereva wa basi alisimama akanipigia saluti. Usicheke, alipiga.

Jumapili nilipoamka, miguu ilikuwa ya mtu mwingine, tena mtu tuliyegombana naye. Mapaja yanawaka, vigimbi vimekuwa mawe. Ngazi za nyumba yetu ni arobaini. Asubuhi ile zilikuwa mia. Nilishuka kinyumenyume nimekumbatia ukuta, na mke wangu Inshirahi akaniuliza kutoka juu, "Wewe mwanamume, unatoka au unaingia?" Nikamjibu kuwa ndivyo mabingwa wanavyoshuka. Msikitini sikuweza kukunja goti, nikaswali kwenye kiti, katikati ya wazee wenye bakora. Mmoja akanisogezea nafasi, akaninong'oneza, "Karibu kijana, tulikuwa tunakungoja."

Hilo neno, Hanadi, ndilo lililonitia ukaidi. Nilitoka pale nikapanda baiskeli. Jumatatu nikapanda. Jumanne nikapanda, Jumatano nikapanda, Inshirahi ananikanda kwa mafuta ya kafuri huku ananitukana ukoo. Uliandika kuwa maumivu hukomaa siku ya pili kisha hupungua. Ya kwangu hayakusoma karatasi yako.

Ikaja Alhamisi, siku ya hukumu. Nikafika uwanja wa Bab el-Khalq, kwenye mgahawa wa maharage wa Shahata, mahali pa kushusha. Lakini sikushuka. Nikauzunguka uwanja mara moja, mara mbili, mara kumi na tisa, mikate kichwani, haitikisiki. Watu wakatoka madukani. Shahata amesimama mlangoni na mikono mitupu, kila nikipita anapiga kelele, "Mzee Metwalli, mikate inapoa!" Nami namjibu, "Tulia, watu hawajashiba kutazama!" Mwingine akaniita, "Babu, wapi breki?" Wakapiga makofi. Haji Bayumi mwenyewe alikuwepo. Akasema hajaona shingo kama hiyo tangu enzi za baba yake, na njia ni yangu kuanzia Jumatatu.

Sasa nikuambie jambo, na lisitoke chumbani kwako. Mizunguko ilikuwa saba. Na sikuwa namwonyesha mtu yeyote chochote. Nilishindwa kushuka. Kila nikiacha kukanyaga pedeli, kigimbi kinakaza kama kimefungwa kamba, nikizungusha, kinalegea. Na mtu mwenye mikate mia mbili kichwani hajitupi tu chini. Machozi yalikuwa yananitoka, watu wakadhani ni upepo.

Aliyejua ni Inshirahi. Alikuwa sokoni upande wa pili. Akaweka bamia zake chini, akaja akikimbia, akakamata kiti cha baiskeli kwa nyuma na kuniambia polepole, "Weka mguu, nimekushika." Akamwita Shahata wakaipokea chanja. Kisha akawageukia watu, akawaambia kwa sauti kubwa kuwa bingwa amechoka kushangiliwa, waende kazini kwao. Amenipikia tu supu ya miguu ya ng'ombe, na akanitazama nikiinywa.

Kwenye kiti cha bawabu sirudi. Ng'o! Jumatatu nitapanda, hata ikibidi waninyanyue waniweke. Lakini jirani yetu Fikri, anayekuletea barua hii, anarudi Kairo kesho kwa treni. Mpe jibu, uandike juu jina la Inshirahi, siyo langu, Gharibu asije akalifungua na kuwasomea wenzake tanurini. Msalimie sana mama yako, na walimu wako, na wote wanaouliza habari za Metwalli.

Ndimi mjomba wako akupendaye,

Metwalli, Mlishaji wa Kairo

Kwenye hilo jibu, niandikie upya ile karatasi, yote, tangu nusu saa ya kwanza. Ile uliyonitumia niliifungia bagia za kunde, nikawagawia wale waliocheka.